Kigae Nilichoangukia

Tarehe 4 Februari

Shangazi,

Siku ile nilipoanguka kanisani, Roho hakunigusa. Nilikuwa nimelala. Sijamwambia mtu yeyote, na sasa nimekuandikia kwa wino, kwa hiyo siwezi tena kujifanya sikusema.

Shikamoo. Najua nimeanza vibaya, salamu hutangulia. Huku hatujambo. Baba yuko safarini na lori lake la saruji. Alikuja kupumzika siku mbili, mama akampa kazi ya kupanga viti vya kanisa, akarudi safarini akiwa amefurahi kupita kiasi. Mama ni mzima. Bado anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na watu bado wanamwita Mama Kamati, maana yumo kwenye kamati ya mapambo, ya wageni, ya maombi, ya ujenzi, na juzi imeundwa nyingine ya kufuatilia kamati hizo zinafanya nini. Yeye ndiye katibu. Wewe hakutaji, nami siulizi.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili ya kwanza ya Januari tulikuwa na maombi ya kufungua mwaka. Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa natia vifungo kwenye mashati. Siku yenyewe nikaanza na kwaya ya vijana asubuhi, ikaja shule ya Jumapili, ikaja ibada, halafu maombi ya kusimama. Mchungaji akasema tufumbe macho. Hilo ndilo kosa alilofanya. Nilifumba.

Nilipofumbua nilikuwa chini, juu ya kigae kilichopasuka karibu na madhabahu, watu wamenizunguka wanalia. Mama ananipepea kwa karatasi ya matangazo. Mchungaji akaniinamia.

"Umeona nini, mwanangu?"

Sikuwa nimeona kitu. Nikasema, "Amani." Ndilo neno lililokuja, na wala si uongo. Sijawahi kulala vizuri namna ile.

Tangu hapo watu wanagombea kigae. Watu wazima, wenye vyeo na miwani, wanasukumana kwa viwiko wapate kusimama alipodondoka mtoto aliyechoshwa na vifungo. Mzee wa kanisa, yule mwenye kengele ya kupimia muda, amewapangia zamu. Nawadharau, shangazi. Nakaa kwenye kona yangu, kimya kama kawaida, nawadharau mmoja mmoja kwa kufuata mpangilio wa viti.

Na sasa nimewekwa kwenye ratiba ya Jumapili ya Amani, mwezi wa sita, nitoe ushuhuda mbele ya wageni kutoka makanisa mengine. Mama ameshanipima gauni. Nikisema kweli, namwaibisha mama yangu. Nikidanganya, nadanganya madhabahuni. Nifanyeje?

Usijibu kwa anwani ya nyumbani. Tumia ya shule, mkutubi atanipa. Hasomi barua za watu, anasoma vitabu tu.

Mtoto wa kaka yako

Nimesahau: ile kadi uliyomtumia baba mwaka mpya, mwandiko wake ulikuwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Nani alikuandikia?


Tarehe 27 Februari

Konokono wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekalia furushi la mashuka ya wodi ya wazazi, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama sabuni imenipanda kichwani. Mimi mzima. Hospitali ni ile ile, na dobi hapa ni mtu ambaye hakuna anayemkumbuka mpaka shuka likosekane. Mashine ya kukaushia imekufa, kwa hiyo tunaanika kwenye kamba na kuomba jua. Ukimwona kaka yangu mwambie mbinguni hakuna viti vya kukunja.

Haya, watu wa kigae ni wapumbavu. Nimekubali, tuliza moyo. Na wifi yangu, kamati ya kufuatilia kamati! Huyo akifika mbinguni atauliza nani anasimamia malango na kama amepata semina.

Lakini na wewe usijione. Unawadharau kwa mpangilio wa viti? Hiyo nayo ni kamati, na humo wewe ni mwenyekiti, katibu na mjumbe.

Halafu nani kakuambia Roho hakukugusa? Msomi mzima, hili hukulisoma. Eliya alipokimbia mpaka akatamani kufa, malaika hakumpa mahubiri. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena. Na Bwana mwenyewe alilala chomboni, maji yanaingia, wanafunzi wanahangaika huku na huku kama kamati ya ujenzi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliona aibu alipoamshwa.

Mimi Jumapili nikitoka ibadani nakaa kwenye benchi nyuma ya chumba cha kufulia. Sifanyi kitu. Namwambia Bwana, "Nipo." Basi. Saa nzima. Mwanzoni nilikuwa nageuka nyuma kila dakika, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenyewe. Siku hizi najua kiti ni changu. Mashuka hayajawahi kujifua nikiwa nimekaa pale, na hospitali haijawahi kuanguka pia.

Juu ya ushuhuda sitakuwekea maneno mdomoni. Wanaokuwekea wanatosha.

Mwandiko ni wangu.

Shangazi yako


Tarehe 9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Baba amepiga simu, anasema barabara ni mbaya, lakini alilisema kwa sauti ya mtu aliyekaa sehemu nzuri. Mtihani wa katikati ya muhula nimekuwa wa tatu. Mama alisema "Bwana asifiwe" bila kuinua macho kwenye pindo.

Benchi lako ni zuri sana kwa mtu asiye na mashati ya watu. Nisamehe, lakini nimelisoma mara nne na kila mara linanikasirisha. Kukaa ni rahisi ukiwa umekimbia. Hapa Jumapili ndiyo siku ngumu kuliko zote. Watu wanasema twende tukapumzike miguuni pa Bwana, halafu wanagawana zamu za kufagia.

Ushuhuda wangu umeshaandikwa. Mama ameuandika, kurasa tatu, na kuupeleka ukachapwe. Humo nimeona mwanga, nimesikia jina langu likiitwa mara tatu, na wamekuja malaika wawili.

Nikamwuliza, "Mama, kwa nini wawili?"

"Mmoja wageni watamwona hatoshi."

"Lakini mimi sikuona hata..."

"Ulikuwa umezimia, utajuaje? Nipe mkasi."

Nikampa mkasi. Mimi ndivyo nilivyo, shangazi. Kichwani nina hotuba nzima, mkononi nampa mtu mkasi.

Kuna jingine. Alhamisi mama alisinzia akishona, sindano ikapita kwenye ukucha. Hakupiga kelele. Alitazama kwanza kola, kama imeingia damu. Ilipokuwa safi ndipo akatazama kidole. Akakifunga kipande cha kitambaa, akaendelea. Nikamwambia akalale, akasema atalala kaburini. Nilimdharau siku hiyo, mama yangu mwenyewe, na nilipomaliza kumdharau nikaenda chooni nikalia.

Niambie mambo matatu. Nisimame siku ile au nijifanye mgonjwa? Kwa nini uliondoka kwetu? Na kwa nini mwandiko wako umebadilika? Hata barua yako hii ni vilevile. Zamani uliandika kwa herufi zinazoinama kulia kama zinakimbia. Hizi zimesimama wima kama zinaogopa.

Mtoto wa kaka yako


Tarehe 30 Aprili

Konokono,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Mashine mpya ya kukaushia imefika, mvua ikaisha siku ileile. Hongera kwa kuwa wa tatu.

Umeuliza matatu, nakujibu moja: usijifanye mgonjwa. Ukianza kukimbia watu kwa ugonjwa wa uongo, mwisho utaupata wa kweli.

Habari ya sindano niliisoma, nikaitia mfukoni, na nimetembea nayo wiki saba. Mwambie mama yako asishone akiwa na usingizi. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Kwamba nilikimbia, hilo ulilisema kwa hasira, nami nimelipokea kwa hasira. Tumelingana.

Shangazi


Tarehe 15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Siwezi kuendelea na salamu. Jana mama alinituma kwenye sanduku lake la chini nitafute kitambaa cha kola ya gauni langu la ushuhuda. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, nikakuta joho la kwaya, jeupe, la zamani. Limefuliwa na kukunjwa kama nguo ya mtoto mchanga. Kwenye mkono wake pana tundu lenye umbo la pasi, kingo zake kahawia. Nikalinyanyua. Mama akatokea mlangoni.

"Weka!"

Hajawahi kunipigia kelele namna ile. Akaninyang'anya, akalikunja mwenyewe, na nikaona anakosea kukunja, yeye anayekunja nguo hata gizani. Mtu aliyemkemea fundi mwenzake kwa kuunguza leso, anatunza joho lililoungua!

Nimefikiri tangu jana. Likizo ile uliyoondoka mimi nilikuwa kwa bibi. Niliporudi nikaambiwa umepata kazi mbali. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikaamini. Siku hizi siamini hata matangazo ya kanisa.

Nyinyi wakubwa mnashangaza. Mama anamwomba Mungu kwa sauti siku nne kwa wiki na hawezi kuniambia joho ni la nani. Wewe unakaa na Bwana saa nzima unamwambia "nipo". Mbona mimi huniambii upo wapi?

Zimebaki Jumapili tano. Gauni ni la bluu. Kurasa tatu nimeshazikariri bila kutaka, ndio ubaya wa kuwa na kichwa kinachoshika.

Mtoto wa kaka yako


Tarehe 7 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa kwenye benchi, na leo nimekuja na karatasi.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia vidole viwili havikunjiki.

Alikuwa anakuja askofu. Majoho mapya arobaini, siku nne, mimi na mama yako. Yeye anakata na kushona, mimi napiga pasi. Mchana kwenda mazoezi ya kwaya, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa naanzisha nyimbo, kisha kurudi kwenye pasi. Siku ya nne mkono wa kulia ulichoka, nikahamishia pasi wa kushoto, wa kulia nikauweka juu ya mkono wa joho kuunyoosha. Nikalala. Nilikuwa nimesimama, kama wewe. Tofauti ni kwamba wewe uliangukia kigae.

Mama yako alikuja mbio kutoka chumba cha pili. Moshi ulikuwa umejaa. Akasema, "Joho limeungua?"

Hayo tu. Maneno mawili. Baadaye alifanya yote, alinipeleka hospitali, alinilisha kwa kijiko siku sita. Lakini mimi nilikuwa nimeshayasikia mawili. Wiki iliyofuata nikaondoka. Na askofu hakuja, alipata safari nyingine.

Uliniambia kukaa ni rahisi ukiwa umekimbia. Nilitaka kukujibu kwa ukali. Benchi hili ni la kweli, na Bwana ninayekaa naye ni wa kweli, usije ukadharau hilo. Lakini kwa miaka minne nimekuwa nikikaa naye huku namdharau wifi yangu, nikimwomba Mungu anipumzishe na nimekumbatia gunia. Nilimchekea kwenye barua zangu ukacheka nami. Nilikufundisha vibaya.

Kwamba amelitunza joho, sikujua. Mtu hatunzi tundu kwa sababu anapenda nguo.

Sasa swali lako la kwanza. Wale wanaogombea kigae si wapumbavu, nimeifuta hiyo. Wamechoka. Mtu aliyechoka akisikia mwenzake ameanguka na kuona amani, atakwenda kuangukia palepale. Waambie ulichoona, usiongeze wala kupunguza. Ukiona aibu, kumbuka hata Bwana walimkuta amelala.

Shangazi yako


Tarehe 22 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Baba alikuja kwa ajili ya jana, na safari hii alikaa kwenye kiti badala ya kuvipanga. Barua yako niliipata Ijumaa. Nimekaa nayo maktaba mpaka mkutubi akaniuliza kama kuna msiba.

Jana ilikuwa Jumapili ya Amani. Kulikuwa na wageni mia moja na ishirini na ratiba yenye vipengele ishirini na sita, cha kumi na tisa kikiwa "kutulia mbele za Bwana, dakika mbili". Kile kilirukwa kwa kukosa muda. Mimi nilikuwa cha ishirini. Mzee alinipa dakika tano, akasimama karibu na kengele yake kama mtu anayesubiri kuchinja kuku. Nilisimama juu ya kigae, kwa sababu walikuwa wamekichorea duara la chaki.

Nilikunja zile kurasa tatu. Nikasema, na nayaandika kama yalivyotoka:

"Sikuona mwanga. Sikuona malaika, hata mmoja. Nilikuwa nimechoka sana, nikafumba macho, nikalala. Nikaanguka. Na Mungu hakunikasirikia. Hiyo ndiyo amani niliyoiona, sina nyingine. Mama yangu naye amechoka. Nafikiri wengi hapa mmechoka. Nimemaliza."

Mchungaji akasema "Amina" kwa mazoea, kisha akasikia alichokiitikia. Mama mmoja mgeni alicheka, akajiziba mdomo, halafu akaanza kulia. Mzee akagonga kengele ingawa nilikuwa nimetumia dakika moja. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa siwezi kumtazama mtu, na shangazi, nilitafuta wa kumdharau katika safu yangu nikaona nyuso tu, zenye macho mekundu. Kamati ya ujenzi imeshakubaliana kwamba kigae kibadilishwe haraka. Kupasuka kilipasuka miaka sita iliyopita.

Mama hakuondoka. Alimaliza zamu yake ya wageni, akahesabu vikombe, akatembea nyumbani mbele yetu. Baba alibaki nje na lori, akijifanya anakagua tairi. Mama akaingia chumba cha mbele akakaa kwenye cherehani na nguo za kanisa mwilini. Kulikuwa na sketi kumi na mbili za Jumatatu. Nikasimama mlangoni.

"Umeniaibisha," akasema, akikanyaga.

"Ndiyo, mama. Samahani kwa aibu."

"Na kwa maneno?"

"Kwa maneno, hapana."

"Tangu lini una mdomo? Nani kakufundisha?"

"Shangazi ananiandikia. Kwa anwani ya shule. Tangu Februari."

Cherehani ikasimama. Nilisubiri kelele. Hakunitazama. Alikuwa anapapasa kile kidole chake kilichotobolewa. Nje nikasikia baba anagonga tairi ileile mara ya tatu. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kanisani:

"Anaandika kwa mkono upi?"

"Wa kushoto," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa jibu analolijua. Akaweka paji la uso juu ya sketi iliyokuwa kwenye cherehani. Nilidhani analia, na mwanzoni alikuwa analia. Baadaye nikasogea nikasikia anapumua kwa utulivu. Mama yangu alikuwa amelala, saa tisa mchana, siku ya Jumapili, kazi ikiwa mbele yake.

Nikachomoa mkanda wa cherehani ile, na wa cherehani yake ya akiba iliyo kando, nikatia mfukoni mwa gauni. Nikachukua mkasi nikauweka mbali na mkono wake. Mezani nikamwachia karatasi, kalamu, na bahasha niliyoandika anwani yako. Nikafunga mlango wa barabarani, nikakaa kwenye ngazi. Sikwenda na kitabu. Nikasema, "Nipo." Nilijisikia mjinga kidogo, kisha sikujisikia mjinga.

Akaja mwalimu mmoja kuulizia sketi za binti yake.

Nikamwambia fundi amelala, arudi kesho. Akaenda.

Mtoto wa wifi yako